Akili Haina Zahanati

Mtu akivunjika mguu katika kijiji chochote cha pwani ya Mtwara, hata kama ni Msimbati penye mchanga mzito au Mahurunga karibu na maji ya Ruvuma, watu wote hujua pa kumpeleka. Akishikwa na homa hujua. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa hujua vilevile, na njia ya kwenda zahanati hupatikana, ikiwa kwa baiskeli, kwa pikipiki au kwa machela. Lakini mtu akivunjika moyo hata asilale, asile wala asiseme, jamaa zake hutazamana. Hawajui waende wapi. Insha hii yataka kusema kuwa kutojua huku si kosa lao. Ni kosa letu sisi tuliojenga zahanati kwa ajili ya mwili, tukaiacha akili nje ya mlango. Kosa hilo lilikuwa baya siku zote. Wakati wa maradhi ya korona liligeuka kuwa dhuluma.

Nitaanza na ushahidi wangu mwenyewe, maana asemaye juu ya taabu ya watu yampasa aonyeshe kwamba amepata kukaa karibu nayo. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini tarehe 16 Machi 2020, na siku chache baadaye vyuo vikuu vilifungwa. Nikarudi kwetu, kijiji kimoja karibu na mlango wa mto Ruvuma, nikakaa huko hadi vyuo vilipofunguliwa mwezi wa Juni. Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Katika desturi zetu za kusini mjomba si jamaa wa pembeni. Yeye ni nguzo ya ukoo, na nguzo ikiinama nyumba nzima husikia. Mwishoni mwa Aprili mdogo wake alifariki Dar es Salaam. Alizikwa siku ile ile na watu wachache. Mjomba hakuweza kusafiri, na kwetu matanga hayakuwekwa, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimwogopa mwenzake.

Baada ya hapo mjomba aliacha kwenda baharini. Aliacha kula, aliacha kulala, na usiku alikuwa akiondoka peke yake kuelekea kwenye mikoko mpaka vijana wamfuate wamrudishe. Mwezi wa Mei tulimpeleka zahanati. Mhudumu kijana alitupokea kwa adabu, akamwamkia shikamoo, akampima joto kwenye paji la uso, akamtoboa kidole kutazama malaria, akamwuliza habari ya kikohozi. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu," alisema, "babu hana homa wala kikohozi. Mpelekeni nyumbani apumzike." Nilimweleza habari ya usiku na ya mikoko. Akasikitika kwa dhati, akasema, "Hayo ya mawazo, hapa hatuna." Katika daftari aliandika maumivu ya mwili, akatoa vidonge vya maumivu.

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Alifanya yote aliyofundishwa kufanya, na alitoa yote aliyopewa kutoa. Ninalolaumu ni neno lake, "hapa hatuna," kwa maana lilikuwa neno la kweli. Tukamrudisha mzee. Jamaa wakamwita mganga, akakaa naye mausiku saba. Hakupona. Mwezi wa Juni ngalawa yake iliuzwa ili ipatikane nauli na gharama za hospitali kubwa. Huko alitazamwa vizuri akapewa dawa, na kabla ya wiki sita kwisha alianza kuzungumza na kuulizia nyavu zake. Lakini dawa ile ilikuwa ya kuendelea kunywa miezi mingi, na katika zahanati yetu haikuwako. Safari ya pili tuliilipa. Safari ya tatu haikulipika. Mwezi wa Oktoba maradhi yalikuwa yamerudi, na ngalawa haikuwako tena.

Msomaji azingatie jambo moja katika kisa hiki. Tiba ilikuwako. Dawa ilijulikana, na ilifanya kazi. Kilichokosekana ni mahali pa karibu pa kuipatia. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa fimbo ilikuwa mbali mara mbili: mbali kwa barabara, na mbali kwa fedha.

Sasa nataka kupambana na hoja tatu ambazo husemwa na watu wenye heshima zao kila jambo hili linapotajwa.

Hoja ya kwanza husema kuwa watu wa pwani hawataki daktari katika mambo ya akili. Wao huamini pepo na uchawi, na hata wakijengewa mlango hawataupita. Wanaosema hivi hutaja lugha yetu kuwa shahidi. Ni kweli kwamba neno wazimu lina undugu na mzimu, na majnuni ni mtu aliyeingiliwa na jini kwa asili ya neno lenyewe la Kiarabu. Lakini mimi kazi yangu ni maneno, na najua kwamba neno haliwafungi watu milele. Twasema jua limechwa, nasi twajua kuwa ni dunia izungukayo. Zaidi ya hayo, lugha ile ile ina maneno mengine yasiyo na pepo ndani yake. Mvuvi wa Msimbati akizidiwa husema ana mawazo. Mkulima wa korosho wa Tandahimba husema moyo umechoka. Ni maneno ya mtu anayejua kwamba ndani yake mna jambo la kuelezwa, naye anatafuta wa kumweleza.

Kwa nini basi huenda kwa mganga? Kwa sababu mganga yuko karibu, ana mkeka, na ana wakati. Humwuliza mgonjwa habari za nyumba yake, za wafu wake, za ndoto zake na za deni lake. Zahanati ina foleni, na foleni haiulizi ndoto. Nasi tuliotoka shule twaiita hali hiyo ujinga. Mimi naiita hesabu sahihi ya mtu maskini: huenda pale anaposikilizwa. Siku zahanati itakapojua kusikiliza, tutaona ni wangapi watakaopita mlango wake. Wala hapana haja ya kumfukuza mganga. Yatosha ajue ni mgonjwa gani wa kumpeleka mbele, na ajue kuwa hapo mbele pana mtu.

Hoja ya pili ni ile iliyosikika sana wakati wa korona: tungoje kwanza. Mikono ni michache, wanasema, na maradhi ya kuambukiza yanaua upesi. Tuokoe roho leo, akili zitafuata kesho. Hoja hii ina sura ya busara, lakini ndani yake mna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa akili hungoja. Shirika la Afya Duniani lilipoziuliza nchi 130 mwaka 2020, asilimia 93 zilikiri kwamba baadhi ya huduma zao za lazima za afya ya akili zilikuwa zimekatizwa au zimesimama. Machi 2022 shirika hilo hilo lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa maradhi haya sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa kiasi cha asilimia 25. Yaani wakati haja ilipopanda, ndipo mlango ulipofungwa. Wala sonona si jambo la kulia tu. Mama aliyezama ndani yake hampeleki mtoto kwenye chanjo. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekata tamaa huacha vidonge vyake, na ugonjwa wake huwarudia jirani zake. Anayesema tuokoe mwili kwanza hajui kuwa mwili hupelekwa zahanati na akili. Akili ikilala, mwili hauendi popote.

Kosa la pili ni kusahau kile ambacho maradhi yale yalitunyang'anya. Jamii zetu hazikuwa bila tiba ya akili kabla ya zahanati. Matanga ni tiba. Mfiwa hulala katikati ya watu, hulishwa, husemeshwa, hulia akiwa ameshikwa, na baada ya siku zilizowekwa huambiwa ainuke arudi kazini. Hata arobaini ina hekima yake, kwa kuwa humrudia mfiwa wakati ambapo wengine wamekwisha kumsahau. Jando na unyago, ngoma, baraza ya msikiti, kikundi cha wanawake wanaopanda mpunga pamoja katika bonde la Ruvuma, yote haya hubeba mizigo ya nafsi bila ya kuitwa matibabu. Korona iliwatisha watu wasikaribiane. Mikusanyiko ilizuiwa Machi 2020, na hata pasipozuiwa woga ulizuia. Hivyo tiba ya zamani ilisimamishwa na mpya haikuletwa. Ikiwa kwa sababu ya haki kabisa ya kuzuia maambukizo mwawaambia watu wasikae matanga, basi yawapasa mwape badala ya matanga. Mwenye kuondoa nguzo huweka mhimili kwanza.

Na kwetu kulikuwa na jambo la zaidi. Hesabu ya nchi ilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, wala haikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Chanjo ilianza kutolewa tarehe 28 Julai 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Katika muda ule mrefu watu walifukiza majani, walizika, na hawakuwa na jina la hakika la kuuita msiba wao. Ni vigumu kuomboleza kifo ambacho hakisemwi. Hata huyo mdogo wa mjomba wangu, mpaka leo jamaa hawakubaliani alikufa kwa nini, na mabishano hayo ni sehemu ya ugonjwa uliomwangusha kaka yake.

Kisha ukaja mto. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho ukingoni mwa Ruvuma katika mkoa wetu, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji. Watu waliuawa na nyumba zilichomwa. Tarehe 24 Machi 2021 ukavamiwa mji wa Palma, ng'ambo ya pili, na maelfu wakakimbia. Watu wa pande hizi wana shangazi na wakwe kwenye kingo zote mbili. Mtoto wa Kitaya aliyesikia bunduki, mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, mzee asiyelala kila mbwa anapobweka, hao nao walikuwa wagonjwa wa miaka ile ile ya korona. Waambiweje? Wangoje? Kusini imezoea neno hilo. Ilingoja mashamba ya karanga yaliyoanza mwaka 1947, yakafa baada ya miaka michache. Ikapewa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na katika miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Twajua kungoja. Lakini kichwa cha mtu si reli, hakiwezi kung'olewa na kuwekwa ghalani hadi fedha ipatikane.

Hoja ya tatu husema kwamba kazi hii ni ya mabingwa, na mabingwa ni wachache; kwa hiyo wagonjwa wapelekwe waliko mabingwa. Fikira hii ina umri mkubwa. Wamisionari wa Kijerumani walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904. Katika miaka ya 1920 Waingereza walianzisha hospitali ya Mirembe, Dodoma. Siwadharau waliofanya kazi humo, wala wanaoifanya leo. Wapo wagonjwa ambao bila ya hospitali ya namna hiyo hawana kimbilio. Lakini fikira iliyokuwa chini ya ujenzi ule ilikuwa kumwondoa mgonjwa machoni pa watu. Matunda yake tunayo midomoni: leo mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia aende Mirembe. Jina la mahali pa tiba limekuwa tusi. Na kutoka mlango wa Ruvuma hadi Dodoma, kwa njia ya Dar es Salaam, ni karibu kilomita 1000. Mgonjwa asiyeweza kuvuka ua wa nyumba yake avuke nusu ya nchi?

Nasema hoja hii ni dhaifu kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kuishinda mara kadhaa. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kulazwa mbali kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1977 mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, ulionyesha kuwa mgonjwa aweza kutibiwa mpaka apone kwa dawa zinazopatikana bila kukatika, mhudumu anayemwona akinywa, na daftari linalomfuata kila mwezi. Dunia nzima ikaiga. Zilipokuja dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wako waliosema kuwa mtu wa kijijini hataweza kuzifuata. Serikali ilianza kuzitoa bila malipo mwaka 2004 katika hospitali kubwa. Leo wako wanaozichukua katika zahanati za vijiji vyao. Maradhi ya muda mrefu, dawa ya kila siku, aibu mbele ya majirani, uhaba wa mabingwa: kila kizuizi kinachotajwa kwa maradhi ya akili kilitajwa kwa hayo mawili, na kilivukwa.

Tena hata kwa akili yenyewe jaribio lilifanyika hapa hapa. Katika miaka ya 1980, mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, iliingiza matibabu ya akili na kifafa katika vituo vya kawaida vya afya, mikononi mwa waganga wasaidizi na wauguzi. Walioshika kazi hiyo hawakuwa malaika wala maprofesa. Miaka arobaini imepita, nasi wa kusini bado twaambiwa kuwa jambo hili ni geni.

Zimbabwe wamekwenda mbele zaidi. Daktari Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa wake kijana aliyekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 akaanza, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, na bibi 14. Aliwafundisha kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusu watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, kati ya wale waliohudumiwa kwa njia ya kawaida nusu walikuwa bado wana dalili za sonona. Kati ya walioketi na hao bibi, 14 tu katika kila mia. Na jina ambalo Washona huita maradhi hayo ni kufungisisa, yaani kufikiri mno. Mvuvi wetu asemaye ana mawazo angeelewana nao pasipo mkalimani. Je, Mtwara hatuna bibi?

Naomba mambo manne, wala si makubwa. Kwanza, kila zahanati iwe na mhudumu mmoja aliyefundishwa kutambua sonona, wasiwasi, kichaa na kifafa, na kuanza tiba yake. Pili, dawa chache za lazima za maradhi hayo zifike zahanati kwa gari lile lile liletalo dawa za malaria, na kuisha kwake kuhesabiwe kuwa hatari sawa na kuisha kwa hizo nyingine. Tatu, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024, unaokusudia kufunza watu zaidi ya 137,000, usiwafundishe kuuliza habari za choo na chandarua tu, uwafundishe pia kuuliza, "Walala vizuri?" na kungoja jibu. Nne, mipango ya dharura ya maradhi ya kuambukiza itaje akili tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na barakoa na glavu. Marburg iliingia Kagera mwaka 2023, ikarudi mwaka 2025. Hapana atuambiaye kuwa lijalo halitatua bandarini Mtwara au kuvuka kwa mtumbwi kutoka ng'ambo.

Wataniambia kuwa sheria iko. Ni kweli, tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Lakini katika miaka ile ile ya korona Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, ilikuwa ikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Jamaa zangu walilijua hilo kuliko walivyoijua sheria ya 2008. Ndiyo sababu, tulipokuwa njiani kwenda zahanati, shangazi alinishika mkono akanisihi nisitaje habari ya mikoko mbele ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini nani atakayeacha kuficha, ikiwa kusema ni kujishitaki?

Sitakuwa mwadilifu nikimaliza bila ya kutaja lawama yetu sisi wa vyuo. Tumeshindana kuunda istilahi. Tumekubaliana juu ya sonona, tumebishana juu ya msongo na mfadhaiko, tumeandika makala na kupandishwa vyeo. Maswali tisa yanayotumika kupima sonona yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na ni kazi ya manufaa. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwenda kuyasoma kwa sauti mbele ya mwanamke wa Mahurunga ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimakonde, wakamwuliza ameelewa nini? Neno ambalo mgonjwa halijui halimtibu. Kazi ya kupatanisha lugha ya daftari na lugha ya mkekani ni kazi yetu, wala haihitaji daktari wa tiba. Yahitaji daktari wa lugha aliye tayari kukaa chini. Mimi mwenyewe ninayo shahada hiyo, na nilisimama katika zahanati ile nikakosa neno.

Mjomba yu hai. Alipata tena dawa mwaka 2021, kwa mchango wa ukoo, na sasa hushona nyavu za watu wengine chini ya mkorosho, kwa kuwa hana chombo chake. Watu husema amepona. Mimi husema ameokoka kwa jamaa zake, na kwamba nchi haijengwi juu ya bahati ya kuwa na jamaa wenye mishahara. Kijijini mwetu wako wengine ambao hawakuwa na ngalawa ya kuuza.